Dakika Moja ya Mtafiti

Katika vyuo vikuu na taasisi za utafiti umetamalaki mtazamo kwamba mtafiti anayeeleza kazi yake kwa umma kupitia video fupi, yaani zile picha jongefu za dakika moja hadi tatu au nne zinazosambazwa kwa simu, anaishushia sayansi hadhi na kujishusha yeye mwenyewe. Wanaoushikilia mtazamo huo si watu wa kupuuzwa. Wengi wao ni walimu na wahakiki waliotumia miaka mingi kuwafundisha vijana kwamba kila dai lina masharti yake, kwamba matokeo ya jaribio moja hayatoshi kujenga kanuni, na kwamba neno “huenda” katika makala ya kitaaluma huwekwa kwa uaminifu, wala haliwekwi kwa woga. Hoja yao ni kwamba masharti hayo ndiyo ya kwanza kukatwa muda unapobana, hivyo mtazamaji hubakiwa na hitimisho tupu, akadhani amelijua jambo ambalo ameliona tu likipita. Na maadamu ndivyo mambo yalivyo, wanasema, mtafiti na arudi maabara, umma uachiwe waandishi wa habari, na anayetaka undani akasome jarida.

Mtazamo huo umekosea, tena umekosea mahali pa msingi, kwa kuwa unautwika ufupi lawama isiyo yake. Sayansi hutambulikana kwa njia inayomfikisha mtu kwenye dai: kilipimwa nini, kwa kifaa gani, kikalinganishwa na nini, na ni ushahidi gani ambao ungemlazimu mtafiti abadili mawazo. Njia hiyo inaweza kuachwa katika kitabu cha kurasa mia tatu, na inaweza kuonyeshwa katika dakika moja. Na mwenye uwezo wa kuionyesha kuliko mtu mwingine yeyote ni yule aliyeipita, yaani mtafiti mwenyewe. Anayemwondoa mtafiti kwenye video fupi kwa jina la kuilinda sayansi humwondoa yule yule aliyebeba kile kinachodaiwa kulindwa.

Ifahamike kwanza kwamba suala hili halikuletwa na simu za mkononi. Mwaka 1903, katika ukumbi wa burudani wa Alhambra jijini London, mfanyabiashara wa filamu Charles Urban alionyesha filamu fupi zilizopigwa na Francis Martin Duncan, mtaalamu wa viumbe aliyeunganisha kamera na hadubini, na iliyovuma kuliko zote ilikuwa ile ya utitiri watambaao juu ya jibini, wadudu ambao mlaji wa jibini hawezi kuwaona kwa macho matupu. Filamu ya sayansi kwa umma ilizaliwa ikiwa fupi. Aidha, picha jongefu ilitumika kama ushahidi mbele ya wanasayansi mapema kabisa: mwaka 1909 daktari Jean Comandon aliwasilisha mbele ya Akademia ya Sayansi ya Ufaransa filamu ya vijidudu vya kaswende vikiwa hai, vikijizungusha na kujipinda, na mwendo huo, ambao hutoweka kijidudu kinapouawa na kutiwa rangi juu ya kioo cha hadubini, ni mojawapo ya alama za kukitambulisha. Hakuna maandishi ambayo yangefanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Hata hivyo, karibu miaka ishirini baadaye, mwaka 1928, Jean Painlevé alipoionyesha Akademia hiyo hiyo filamu yake kuhusu ukuaji wa yai la samaki mdogo wa maji baridi, baadhi ya waliokuwamo walikasirika, na inasimuliwa kwamba mmoja wao alitoka nje akisema kuwa sinema si jambo la watu makini. Yai lenyewe lilikuwa pale, likigawanyika mbele ya macho yao kwa kasi iliyoongezwa ili mabadiliko ya saa nyingi yaonekane kwa dakika chache. Kilichomkera msomi yule ni chombo, si ushahidi. Hasira ya namna hiyo ndiyo inayorudi leo chini ya jina la umakini. Na ni ajabu kwamba inarudi katika zama ambazo tangu mwaka 2006 kuna jarida la kitaaluma, JoVE, lenye kuchapisha mbinu za maabara kwa njia ya video baada ya kuhakikiwa na wataalamu, kwa sababu mambo mengi ya mikono, kama vile namna ya kushika sindano au kasi ya kumimina kimiminika, hayaandikiki yakatosha kumwezesha mwingine ayarudie.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya video fupi hutoka katika uchunguzi wa jinsi watu wanavyojifunza, na haifai kupitwa juujuu. Katika utafiti wake wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sydney, uliokamilika mwaka 2008, Derek Muller, ambaye baadaye alikuja kuwa mtengenezaji mashuhuri wa video za sayansi, aliwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fizikia video kuhusu kanuni za Newton za mwendo, akawapima kwa maswali kabla na baada ya kutazama. Waliotazama maelezo yaliyonyooka, safi, yasiyo na kosa, waliyasifu kuwa yanaeleweka, na imani yao katika majibu yao ikaongezeka. Lakini majibu yenyewe hayakubadilika sana, kwa kuwa walisikia katika video yale waliyokuwa wakiyaamini tangu awali. Mwanafunzi anayeamini kwamba mpira uliorushwa juu unaendelea kusukumwa na nguvu ya mkono hata baada ya kuuacha mkono anaweza kusikiliza maelezo sahihi mwanzo hadi mwisho asigundue kwamba yanapingana na imani yake. Wapinzani wa video fupi huyataja matokeo ya aina hii kama hukumu ya mwisho: mtazamaji hafunzwi, anabembelezwa.

Lakini utafiti huo ulikuwa na matoleo manne ya video, na wanaoutaja kwa kulaumu ufupi hawana budi kulitazama la pili. Toleo la kwanza lilikuwa maelezo mafupi yaliyonyooka. La pili lilikuwa maelezo yale yale yaliyorefushwa kwa kuongezewa habari nyingine za kuvutia. La tatu lilitaja dhana potofu zilizoenea na kuzikanusha moja baada ya nyingine, na la nne liliziweka dhana hizo katika mazungumzo kati ya mwanafunzi na mkufunzi wake. Waliojifunza zaidi ni waliotazama matoleo mawili ya mwisho. Kurefusha maelezo hakukuleta faida hiyo. Kilichowafaa wanafunzi ni kukutanishwa waziwazi na kosa lao na kuonyeshwa ni wapi linapovunjika. Kwa maneno mengine, utafiti unaotumiwa kushtaki dakika chache unashtaki kwa hakika ulaini wa maelezo yasiyo na swali, na ulaini huo unaweza kudumu dakika moja au saa nzima ya mhadhara. Wengi waliosoma katika madarasa ya Afrika Mashariki wamekaa katika mihadhara ya namna hiyo, wakanakili ubaoni yote yaliyoandikwa, wakafaulu mtihani, na wakatoka na dhana ile ile waliyoingia nayo.

Hali ni hiyo pia kwa kile ambacho Lisa Scharrer na wenzake nchini Ujerumani wamekichunguza kwa miaka kadhaa, yaani athari ya wepesi: msomaji wa kawaida anapopewa makala nyepesi kuhusu jambo la kisayansi huyakubali madai yake kwa urahisi na huamini zaidi kwamba anaweza kulikatia shauri jambo hilo bila kumtegemea mtaalamu, kuliko anapopewa makala iliyoandikiwa wataalamu. Hatari hiyo ni ya kweli na inastahili kuogopwa. Ila vyombo vilivyoonyesha hatari hiyo katika tafiti hizo vilikuwa makala za kusomwa, vitu vile vile ambavyo wapinzani wa video huvitaja kama kimbilio. Hatari imo katika kuficha ugumu, popote unapofichwa.

Mfano mmoja unaowahusu wasomaji wa Kiswahili kwa karibu unaweza kuonyesha tofauti kati ya kuficha na kuonyesha. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, alipokuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake, aliuweka mchanganyiko wake wa maziwa na sukari kwenye jokofu ukiwa bado wa moto kwa kuhofia kukosa nafasi, na akakuta umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, Mpemba alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo mwanafizikia Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wanafunzi wakacheka, lakini Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la ufundishaji wa fizikia. Tangu hapo tukio hilo limebeba jina la Mpemba duniani kote, na video fupi zinazotangaza kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi haziishi kutengenezwa.

Nyingi kati ya video hizo zina kasoro, na kasoro yenyewe inaweza kutajwa kwa usahihi. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha majaribio yao ambayo hayakuona maji ya moto yakiyatangulia maji ya baridi kufika nyuzi sifuri za Selsiasi, na wakaonyesha kwamba tofauti ya takriban sentimita moja tu katika kina cha vipimajoto inatosha kumfanya mpimaji adhani ameliona tukio hilo, kwa sababu maji yanayopoa ndani ya chombo hayawi na jotoridi moja juu hadi chini. Ubishi haujafungwa, kwani kufika nyuzi sifuri na kuganda ni mambo mawili, na wapo wanaoendelea kulitafuta tukio hilo kwa vipimo vingine. Sasa na ifikiriwe video ya dakika moja ya mtafiti aliyesimama mbele ya bilauri moja ya kioo yenye maji yanayopoa, ndani yake vipimajoto viwili, kimoja karibu na kitako na kingine sentimita chache juu yake. Kamera inavisogelea. Namba mbili zinaonekana, nazo hazilingani. Mtafiti anasema kwamba anayepima bilauri ya maji ya moto kwa kipimajoto cha chini na bilauri ya maji ya baridi kwa kipimajoto cha juu atapata jibu lililotokana na mkono wake mwenyewe, kisha anasema ni kipimo gani angetaka kukiona kabla ya kukubali dai. Video hiyo haijakata sharti lolote. Sharti ndilo lililojaza dakika nzima. Na mtazamaji aliyeziona namba zile mbili ameushika ugumu wenyewe, jambo ambalo aya tatu za tahadhari katika makala ndefu hulifanya kwa shida. Anayetangaza ajabu bila kipimajoto angekosea hata akipewa saa moja.

Wapo wanaokubali yote hayo lakini wakashikilia kwamba kazi hiyo ni ya waandishi wa habari, si ya watafiti. Uandishi wa habari za sayansi ni kazi yenye heshima yake, na kuna mambo ambayo mwandishi huru pekee ndiye awezaye kuyasema, hasa pale utafiti unapokuwa na kasoro au fedha zenye masharti. Lakini dhana kwamba maandishi rasmi yanayopita kwa waandishi ni salama kuliko sauti ya mtafiti haina msingi. Mwaka 2014 Petroc Sumner wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ ulinganisho wa taarifa 462 kwa vyombo vya habari zilizotolewa mwaka 2011 na vyuo vikuu 20 vya Uingereza kuhusu tafiti za tiba na afya, wakizipima dhidi ya makala za kitaaluma zenyewe na dhidi ya habari zilizotoka magazetini. Asilimia 40 ya taarifa hizo zilitoa ushauri uliozidi ule wa makala, asilimia 33 zilidai kwamba jambo moja husababisha jingine pale ambapo makala ilionyesha tu kwamba yanaandamana, na asilimia 36 zilihamishia kwa binadamu matokeo yaliyopatikana kwa wanyama zaidi ya jinsi makala ilivyoruhusu. Taarifa ilipotia chumvi, habari nayo ilielekea kutia chumvi. Chumvi hiyo ilitiwa katika maandishi rasmi, ndani ya vyuo vikuu vyenyewe, na mara nyingi mtu aliyejua kwamba panya si mtoto alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Uso wa mtafiti mbele ya kamera hauondoi kishawishi cha kukuza mambo, ila unamfanya awajibike kwa kauli yake, kwa jina lake, mbele ya wenzake ambao nao wana simu.

Zaidi ya masuala ya urefu na usahihi, mtazamo huu umeficha dhana kuhusu hadhira, na dhana hiyo ina historia chungu katika eneo hili. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, uliendeshwa mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika chini ya Meja L. A. Notcutt, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la New York, na filamu zipatazo 35 zilitengenezwa kuhusu mambo kama safura, mmomonyoko wa udongo na kuweka akiba posta, zikazungushwa kwa gari katika makoloni ya Afrika Mashariki na Kati. Katika zama hizo hizo William Sellers, aliyeanza kutengeneza filamu za afya nchini Nijeria na baadaye akaongoza Kitengo cha Filamu za Makoloni kilichoundwa mwaka 1939, alieneza nadharia kwamba mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata picha inayobadilika haraka, kwamba aonyeshwe jambo polepole, kwa mfuatano usiokatizwa, bila mbinu yoyote ya kamera. Nadharia hiyo haikujengwa juu ya uchunguzi wa maana wa watazamaji. Ilijengwa juu ya dharau, na matokeo yake ni kwamba filamu nyingi za wakati huo zilimwamuru mtazamaji la kufanya badala ya kumweleza sababu. Msomi wa leo anayesema kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuelewa masharti ya matokeo, kwa hiyo asielezwe kabisa au aelezwe hitimisho tu, anapaswa kujiuliza kauli yake imetofautiana vipi na ile ya Sellers.

Kwamba mwananchi hufuata sababu anapopewa sababu si jambo la kukisia. Katika kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili nchini Tanzania walikaa katika vikundi vya kusikiliza na kujadili jinsi malaria, kichocho na magonjwa mengine yanavyoambukizwa, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kando ya nyumba. Na kwa video yenyewe kuna mfano kutoka kaskazini mwa Msumbiji, katika wilaya ya Gurúè, unaostahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, wakiwamo mtaalamu wa wadudu Barry Pittendrigh na mwenzake Julia Bello-Bravo, walianzisha mpango wa kutengeneza katuni fupi za kisayansi zinazotiwa sauti katika lugha za wenyeji na kupitishwa kutoka simu moja hadi nyingine. Mojawapo ilihusu kuhifadhi maharage ndani ya dumu la plastiki lililofungwa hewa isipite. Watafiti waliporudi Gurúè baada ya miaka miwili, asilimia 89 ya wakulima waliofuatiliwa walikuwa wameshika njia hiyo.

Kinachotokea ndani ya dumu lile kinaonyesha kwa nini kueleza sababu si anasa. Maharage na kunde huingia ghalani fukusi wakiwa tayari wamo, juu ya punje kama mayai au ndani yake kama viwavi, na usipowazuia, katika miezi michache punje zitajaa matundu na unga utashuka chini ya gunia. Dumu linapojazwa hadi juu na kufungwa, wadudu hao wanaendelea kupumua hadi oksijeni iliyobaki inapungua. Larry Murdock na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue walionyesha mwaka 2012 kwamba kinachowaua fukusi wa kunde katika hali hiyo ni ukavu: kiwavi aliye ndani ya punje kavu hapati maji ya kunywa popote, hivyo hutegemea maji yanayotengenezwa mwilini mwake anapotumia oksijeni kuuchoma wanga, na oksijeni ikiadimika huacha kula, hukosa maji hayo na kufa kwa kiu. Mkulima aliyeambiwa tu “funga vizuri” anaweza kulijaza dumu nusu, au kulifungua kila jioni ili kuchota ya kupika, kwa kuwa hakuna katika amri hiyo kinachomkataza. Aliyeelezwa kuhusu kiu ya fukusi anajua mwenyewe kwamba kila ufunguzi ni hewa mpya kwa adui, kwa hiyo atatenga dumu dogo la kula na kuliacha kubwa bila kuguswa. Maelezo yote hayo, kwa picha, hayazidi dakika mbili, na hayahitaji mkulima awe amesoma kemia.

Mfano huo unajibu pia lalamiko kwamba video fupi ziko chini ya majukwaa ya kampuni kubwa za ng'ambo, ambamo algoriti, yaani kanuni za kompyuta zinazoamua nani aonyeshwe nini, hupendelea kelele na mshangao. Lalamiko hilo ni la haki, na mtafiti anayehesabu thamani ya kazi yake kwa idadi ya waliobonyeza alama ya kupenda amejikabidhi kwa bwana mbaya. Lakini jukwaa si video. Faili la dakika mbili hupita kwa kadi ya kumbukumbu, kwa kikundi cha WhatsApp cha wazazi wa shule, kwa runinga iliyotundikwa kwenye chumba cha kusubiri cha zahanati, na kwa simu ya bwana shamba. Ufupi ndio unaoliwezesha kupita huko, kwa sababu bando ni ghali na nafasi ya simu ni finyu, na mhadhara wa saa moja, hata ukiwa bora namna gani, hautumwi na mtu kwa jirani yake.

Kuhusu hofu ya watafiti vijana kwamba wakionekana kwenye video wakubwa wao watawahesabu kuwa wapiga debe, hofu hiyo ina chanzo, na wanaopaswa kuona haya ni wakubwa. Carl Sagan, mwanaastronomia wa Marekani aliyefahamika sana kwa umma kupitia runinga, alikataliwa uanachama wa Akademia ya Kitaifa ya Sayansi ya nchi hiyo mwaka 1992, na miaka miwili tu baadaye Akademia hiyo hiyo ikampa nishani kwa huduma yake kwa umma. Ilhali Pablo Jensen na wenzake walipochunguza maelfu ya watafiti wa CNRS, kituo cha taifa cha utafiti cha Ufaransa, waliripoti mwaka 2008 kwamba wale wanaojishughulisha na umma walikuwa na ufanisi wa kitaaluma uliozidi wa wenzao wasiojishughulisha.

Limebaki jambo ambalo wapinzani hawalitaji, nalo ndilo zito kuliko yote kwa Afrika Mashariki. Kati ya 2009 na 2014, chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wachanga na wadogo 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwamo Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania na Kilifi kwa Kenya. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuanza kabla ya mzazi kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, chanjo ni nini, mtoto atagawiwaje kundi kwa bahati nasibu, damu itatolewa mara ngapi, na madhara gani yanawezekana, kisha akaridhia kwa saini au kwa dole gumba. Hayo yote ni magumu. Kumweleza mama kwamba wala yeye wala daktari hatajua mtoto wake amepata chanjo ipi ni kumweleza mojawapo ya mambo ya ndani kabisa ya mbinu ya sayansi, na lilielezwa, mama baada ya mama, kwa Kiswahili na lugha nyingine za vijiji hivyo. Taaluma iliyoweza kueleza bahati nasibu pale ilipohitaji damu haiwezi kudai, pale inapotoa matokeo, kwamba umma hauna uwezo wa kuyapokea.

Na matokeo yenyewe yalikuwa na masharti ya kila aina. Kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, matukio ya kuugua malaria yalipungua kwa takriban asilimia 36 katika kipindi cha karibu miaka minne. Kwa wasiopata dozi ya nne upungufu ulikuwa takriban asilimia 28. Na kinga ilififia kadiri muda ulivyopita. Ilionekana pia ishara ya kuongezeka kwa homa ya uti wa mgongo katika kundi lililochanjwa, ishara ambayo haikujirudia katika utekelezaji wa majaribio ulioanza mwaka 2019 nchini Kenya, Ghana na Malawi, na mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto. Yasipoelezwa na aliyeyapima, yataelezwa na wengine: mmoja atasema chanjo imemaliza malaria, mwingine atasema inaleta homa ya uti wa mgongo, na kila mmoja atakuwa ameshika kipande cha ukweli. Mtafiti anaweza kuchukua dakika moja kuonyesha kwa nini dozi ya nne isikosekane, dakika nyingine kueleza ishara ile ilivyoonekana na jinsi ilivyotafutwa tena ikakosekana, na dakika ya tatu kusema kwa nini aliyechanjwa bado alale ndani ya chandarua.

Kamati za maadili ya utafiti, ambazo leo haziruhusu kazi ianze bila fomu ya ridhaa inayoeleweka na mshiriki, zina uwezo wa kudai kwamba bajeti ya utafiti itenge tangu mwanzo gharama ya kurudisha matokeo katika lugha ile ile, kwa video fupi zinazosemwa na watafiti wenyewe na kuhakikiwa na wenzao kama fomu ilivyohakikiwa. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kuwafuatilia maelfu ya watoto kwa miaka minne, na watu wa kuifanya kazi hiyo wapo tayari: ni wale wauguzi, wahojaji na madaktari wa Korogwe, Bagamoyo na Kilifi waliokwisha kusikia, kabla ya wanasayansi wengine wote, maswali ambayo wazazi waliyauliza kabla ya kutia saini.